Albamu ya Wazee Imebaki Wimbo Mmoja

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu za mama yako. Bibi yako hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Dada yako hajambo, na mtoto wake ameota meno mawili, anang'ata kila kitu. Baba yako hajambo, ila yake nitayarudia.

Sasa kaa chini kwanza. Wazee wanarekodi albamu mpya, baada ya miaka yote hii! Baba yako na wenzake wa bendi, Kipara na Fundi Redio, wamevifuta vumbi vile vinanda vyao vya umeme, na chumba chako sasa ni nyaya tupu. Hata cherehani yangu imo! Fundi Redio aliitegea maiki nikishona mapazia, na leo mlio wake ndio mdundo wa wimbo wa kwanza. Bibi yako akaniambia, "Shona polepole, watu wanacheza!" Tulicheka mpaka machozi.

Umebaki wimbo mmoja. Kipara anasema besi imezidi, baba yako anasema bado haitoshi. Mwanangu, siku hizi anasikiliza kwa kuweka kiganja juu ya spika. Masikio yamemtupa mkono, na hataki wenzake wajue. Najua alikuambia huna sikio la muziki, ukaondoka na hasira. Lakini jana Kipara alipouliza nani atausawazisha huo wimbo, baba yako akajibu, "Mwanangu angekuwepo." Kisha akajifanya anatafuta waya.

Hajui kama nakuandikia. Wimbo wameuacha wazi, haujasawazishwa. Nijibu upesi, hata neno moja tu: unakuja?

Ni mimi mama yako, mpiga cherehani wa bendi