Mkono wa Kushoto wa Salma

Jumatano, 1997

Nimeharibu mkono wa bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe ni mdogo wangu Salma!

Haraka yangu tu. Hina nyekundu ilikuwa bado mbichi, nami nikapitisha piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, juu yake. Zikaingiana, maua yote yakawa tope.

Balaa ile ile inayonisumbua maabarani, huko ninakosoma Ulaya. Taa zetu ni plastiki inayowaka ikipitiwa na umeme; tunaiyeyusha katika kimiminika na kuimwaga kwenye kioo tabaka juu ya tabaka. Nataka kupandanisha taa mbili, na katikati tabaka jembamba lisilowaka lenyewe, kazi yake kuzalisha chaji za umeme na kuzigawia taa ya juu na ya chini. Kila nikilimwaga, linayeyusha la chini yake, hata kama limeshakauka. Mwaka mzima sijaona mwanga. Naogopa walimu wangu watanichoka kabla...

Nilimweleza Salma hayo huku nikimfuta kwa kitambaa.

"Kumbe hata huko Ulaya, dada, ni kazi hii hii?"

Mama alicheka mpaka akakaa kitako. Kisha akataka kumwita fundi wa hina wa mtaa wa Ndia Kuu, yule aliyempaka mkono wa kulia. Salma akauficha wa kushoto mgongoni.

"Mwache, Mama. Huu ni wa dada yangu. Nitaolewa nao hivi hivi."

Nikamwambia asijali, hina hufutika.

"Basi taa yako ikiwaka, njoo unipake tena," akasema. "Na ikikataa, njoo vile vile."