Mistari ya Chokaa Mlangoni

Old Kampala, Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta barazani na chai yako, na Mama hajaificha sukari. Vidonge je, unameza kwa wakati? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia tangu Idi. Kwenye simu nashindwa kusema, maana Mama huweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Kaka Rashidi akusomee, mkiwa wawili tu.

Kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri, nimekuwa nikijibu kwa maringo. Ni hivi. Kichwani kuna kemikali inaitwa dopamini, ndiyo inayouruhusu mwili kuanza kutembea. Kwako imepungua. Hapa maabara tuna panya ambao imewaishia upande mmoja wa ubongo. Tukiwadunga dawa fulani wanazunguka palepale, hawaendi mbele. Profesa huwapandikizia seli changa za ubongo, kisha tunangoja miezi tuone kama zitashika na kuitengeneza ile kemikali, mizunguko ipungue. Mimi nakaa mbele yao kutwa nikihesabu mizunguko. Siku hizi hata nikinunua nguo soko la Owino midomo inacheza, nahesabu.

Asubuhi ya Idi ulivaa kanzu mpya, ukafika mlangoni, miguu ikagoma. Mama alikuwa jikoni, Rashidi ametangulia msikitini. Mimi nilikuwa nyuma yako, hatua mbili tu. Sikukushika mkono, Baba. Nilianza kuhesabu. Wewe umeng'ang'ania mwimo wa mlango, unatetemeka, na mimi nahesabu sekunde. Ukageuza shingo ukaniuliza kwa upole, "Zuhura, umefika ngapi?"

Nilikuwa nimefika arobaini na moja. Nikakudanganya kwamba nilikuwa namsalia Mtume. Ukasema, "Haya." Swala ya Idi ikakupita ukiwa palepale mlangoni.

Juzi mlinzi wetu, mzee wa Gulu aliyekuwa jeshini, alinisimamisha getini. "Daktari, panya yako natembea muzuri sasa. Na mzee yako, yeye iko aje?" Nikaingia chooni nikalia.

Halafu siku ileile ya Idi, kabla sijapanda basi la kurudi huku, uliniuliza hizo seli zitakufikia lini, nami nikacheka, nikasema karibuni. Si kweli. Bado ni za panya, na hata kwa panya wengine zinakataa. Nilisema vile kwa sababu uso wako ulifurahi. Usizingoje, na usije ukaacha vidonge kwa ajili ya kuzingoja.

Lipo jambo dogo linaloweza kusaidia leo. Mtu ambaye miguu imegoma, akichorewa mistari sakafuni ya kukingama njia, mara nyingi huweza kuivuka, mmoja baada ya mwingine. Basi korogeni chokaa, ileile uliyokuwa ukichorea uwanja wa mpira, mimi mtoto nashika ncha ya kamba na wewe unanigombeza nisilegeze. Anzieni kitandani hadi nje ya mlango, mstari mmoja kila hatua yako. Wewe ndiye fundi, uelekeze, Rashidi achore. Na awe karibu yako usianguke.

Hili nilikuwa nalijua, Baba. Asubuhi ile ya Idi nilikuwa nalijua tayari, na chokaa ilikuwa uani. Halikunijia kwa sababu nilikuwa nahesabu. Naona haya kuliandika. Nisamehe.

Nisalimie Mama, mwambie kanga aliyonipa ndiyo najifunika huku kwenye baridi. Shangazi Mwajuma aliyekushonea kanzu, mwambie ilikupendeza. Na watoto wa Rashidi wasiifute mistari kwa kuchezea.

Siku ukiuvuka ule mlango, Rashidi anipigie aseme umevuka. Asiniambie ulichukua muda gani.

Mwanao anayekuomba radhi,
Zuhura