Usukani wa Baba Uteremshwe Ukutani

Ndola

Mdogo wangu Ngoy,

Salamu kwako na kwa wote hapo Kamina. Goti la mama linaendeleaje? Watoto wamepona kikohozi? Mimi ni mzima, na gereji yetu imejaa magari ya zamani ya matajiri. Haya, salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, maana nina hasira na wewe. Kwenye simu, sauti yangu ikipanda tu, unasema mtandao mbaya, unakata. Karatasi haina mtandao.

Ulinitumia picha mimi mkubwa wako, ukaandika, "Yaya, angaria, motokari ya mzee imekuwa sport!" Nimeiangalia. Usukani mdogo wa ngozi nyekundu, na katikati kitufe cha honi chenye kichwa cha simba, ili maharusi unaowabeba Jumamosi wapate picha nzuri. Mimi hapa nafunga usukani wa namna hiyo karibu kila siku, sina ugomvi nao. Lakini kila gari lina kipande chake cha katikati cha kuushikilia, na wewe hukukitafuta. Umegonga kwa nyundo mpaka umekaa upande, na waya wa honi unaning'inia chini, naona kabisa. Simba wako halii, Ngoy. Siku usukani huo utakapokubakia mkononi, bibi harusi yuko nyuma, utamwambia nini baba yake?

Na hilo silo lililoniudhi zaidi. Baba alipokuwa dereva wa treni, kila dereva alikuwa na mlio wake. Treni ikikaribia, wake zao katika kambi ya reli walitega sikio, na aliyesikia mlio wa mume wake alibandika maji ya kusonga bukari. Baba alipostaafu akauhamishia mlio wake kwenye gari lake hilo: mrefu, mfupi, mrefu. Tangu apofuke, kila jioni anaingia garini, anashika ule usukani mkubwa mweusi ambao mjomba wa Kinkondja aliuzungushia kamba ya nyavu, anabonyeza honi, na mama anabandika maji. Hana kingine anachoendesha sasa. Nawe umeung'oa ukampa mwenye baa autundike ukutani, watu waunywee bia! Huna hata aibu.

Jana nilimpigia baba nikamuuliza kama ameingia garini. Akajibu, "Banza, sema kweli. Motokari yangu muliuzisha siku gani? Hii yenye iko hapa mu lupango, ku nyumba yetu, haiko yangu. Minyi niliigusa na mikono."

Nikamwambia hatujauza kitu.

"Ni sawa," akasema. "Minyi haniko naona. Munaweza kunidanganya vile munataka."

Nililia mbele ya mafundi wenzangu, mtu mzima mimi. Halafu nikashikwa na hasira mpaka nikaangusha spana.

Nilikukataza kuligusa gari lile kabla sijaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ukimaliza kusoma, nenda baa ukauteremshe usukani wa baba. Mwenye baa akileta maneno, mwambie mimi nitakuja mwenyewe, na ananijua. Uufunge, urudishe waya mahali pake, ujaribu honi wakati baba yuko kanisani. Huo wa simba mpe mtoto auchezee. Wala usianze kumweleza baba habari ndefu. Mwache aingie, aguse.

Nisalimie mama. Nisalimie mke wako, ambaye najua alikukataza ukamcheka. Na shangazi wa Kabongo akifika na mahindi yake, mwambie namkumbuka.

Usinipigie kujitetea, sitapokea. Nipigie jioni ya siku utakayoufunga, baba akiwa garini, uiweke simu jikoni karibu na mama, usiseme neno. Nikisikia honi, halafu nikisikia sufuria inabandikwa, hapo nitajua bado nina mdogo.

Yaya wako, ambaye hasira haijamtoka,
Banza