Ukurasa wa Pili wa Mpango wa Bwawa

Mirontsy, Jumanne jioni. Mvua imekatika alasiri, lakini nguo zangu bado hazijakauka. Niko kwa wifi yangu.

Ninaandika kwa Kiswahili, lugha ya marehemu baba, kwa sababu ofisini wote wanasoma Kifaransa. Tangu mamluki wa kizungu waingie nchini, siachi maneno yangu mahali pa wazi.

Mimi ni mpiga chapa wa ofisi ya ujenzi, Mutsamudu. Mwezi uliopita nilichapa mpango wa hatari: nini kifanyike ukuta wa bwawa lililo juu ya mji ukipasuka. Mlinzi wa bwawa, mzee Bacar, apige simu ofisini. Ofisi imjulishe gavana, kambi ya askari wazungu, na bandari. Wakazi wa bondeni waliwekwa ukurasa wa pili, kwa mstari mmoja tu: watajulishwa kwa idhini ya mkuu wa ofisi.

Nilimwuliza mkuu, Bwana Msa, "Na wewe ukiwa safarini?"

Akalifunga faili. "Serikali kule Moroni haitaki watu watiwe hofu. Na ninyi mliotoka Madagaska, bibi, mna maswali mengi."

Ni kweli, nilitoka Majunga na watoto wawili, mwaka ule watu wa visiwa hivi walipokuwa wakiuawa huko. Lakini jibu lake halikuniridhisha. Kwa nini wazungu wawili wenye sare walikwenda kuupima ukuta bila hata kumsalimu Bacar? Kwa nini nakala zote zilifungiwa kabatini, Bacar asipewe hata moja?

Nikaanza kumshuku kila mtu, mpaka mfagiaji.

Leo saa tatu asubuhi Bacar aliingia ofisini miguu peku, tope mpaka magotini. Simu ya bwawani imekufa tangu Jumapili, alisema.

"Waya haukukatika, umekatwa. Na maji yanatoka ubavuni mwa ukuta, yamejaa udongo."

Bwana Msa yuko Moroni tangu Ijumaa. Karani mkuu akasema yeye hana mamlaka, tusubiri. Sikujua kama anaogopa au ameagizwa.

Nakiri jambo la aibu: nilimshuku hata Bacar. Nilidhani ametumwa kunijaribu, waone kama nitatoa siri ya ofisi. Kisha nikatazama miguu yake. Kidole kimoja kilikuwa kinavuja damu, wala mwenyewe hana habari.

Tukatoka pamoja hadi msikiti wa bondeni. Mwadhini, Fundi Abdou, kama wanavyoitwa walimu wa dini huku, alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Una hakika, mwanangu?" aliniuliza.

"Sina, Fundi. Lakini wanangu wanakaa hapa hapa."

Akapanda mnarani. Sauti yake ikatoka saa ambayo si ya sala, akiwaambia watu waache kila kitu wapande kwenye ngome iliyo juu kilimani. Wengine walicheka. Halafu wanawake waliokuwa wakifua mtoni wakaona maji yamebadilika rangi, wakaanza kukimbia, na kicheko kikaisha.

Adhuhuri ubavu wa ukuta uliachia. Maji yalichukua mbuzi, daraja dogo na nyumba kadhaa, yangu ikiwemo.

Hakuna aliyekufa. Tulihesabiana mara mbili.

Saa kumi walikuja askari wawili wazungu pamoja na karani wetu. Wakauliza ni nani aliyetoa amri bila idhini.

"Sauti mliyoisikia ni yangu," alisema Fundi Abdou.

Wakaondoka naye. Karani alinigeukia mara moja, nami nikainamisha uso.

Mpaka sasa Fundi hajarudi. Nyumba nitajenga nyingine. Ule uso nilioinamisha ndio unaonichoma.

Bwana Msa anafika kesho kwa ndege. Sitamngoja, wala sitamwuliza mtu kama ni salama. Kukipambazuka nitakwenda kambini mwenyewe, niwaambie ni nani aliyempandisha Fundi Abdou mnarani.