Oili ya Gari la Mkunga

Jumatatu, 3 Machi

Mkunga amerudi. Gari lake la otomatiki linaruka. Ndivyo alivyosema: kila likitoka gia ya pili kwenda ya tatu, linapiga teke kama punda. Asubuhi likiwa baridi ni afadhali. Likishapata moto, balaa! Hata kilima kidogo linakipanda kwa kugoma. Akasema ameona haya kulalamika juu ya gari tulilomhudumia juzijuzi, lakini mficha uchi hazai — na yeye ndiye wa kulijua hilo! Gereji nzima ikacheka.

Nilikuwa nimeshafuta mikono nipokee ufunguo. Mjomba akanipita. Akampa mdogo wangu.

Miaka kumi na moja niko kwenye gereji hii ya mjomba. Kumi na moja! Mdogo wangu ana wiki mbili na siku tatu tangu arudi kutoka chuoni na mashine yake ya kupimia magari, na tayari wanamwita Profesa. Mimi mjomba aliniita Nyundo tangu mwaka wa kwanza, jina likaganda. Sasa nani atampa Nyundo gari la otomatiki?

Roho inaniuma. Naandika ili nisiseme.

Jumanne, 4 Machi

Profesa ametoka na mkunga kulijaribu gari barabarani. Mimi nilikuwa chini ya lori nabadilisha breki, lakini niliona yote. Alirudi na daftari limejaa. Ukiliweka kwenye D linakawia kuondoka. Mwendo wa hamsini hadi sitini linatetemeka. Pili kwenda tatu, kishindo. Akachomeka mashine, ikaandika kwamba kuna utelezi ndani ya giaboksi. Akachomoa kijiti cha oili injini ikiwaka, ikiwa moto, kama inavyotakiwa. Kiwango sawa. Rangi nyekundu, safi. Harufu haijaungua.

Mjomba alisimama nyuma yake anatabasamu mpaka magego. Akasema hivi ndivyo watu wanavyofanya kazi kwa akili. Hakunitazama. Hakuwa na haja.

Ni mimi niliyemfundisha kushika spana! Alikuwa hatofautishi namba kumi na mbili na kumi na tatu. Alikuwa anashika tochi mimi nikifungua, akisinzia taa inanipiga machoni. Hilo hakuna anayelikumbuka.

Alhamisi, 6 Machi

Mjomba alituita ofisini, sisi wawili tu. Mwisho wa mwezi anapasuliwa macho. Anataka mtu wa kushika gereji, na si kwa wiki mbili tatu. Moja kwa moja. Hakusema nani. Alisema tu kwamba gari la mkunga litamwonyesha, maana yule mama ndiye aliyetupokea duniani, mimi na mdogo wangu, na gari lake halichezewi.

Litamwonyesha nini, kama mimi siligusi?

Tulipotoka Profesa akanishika mkono. "Dada, hata akinichagua mimi, kazi tutafanya pamoja."

Hata akinichagua mimi! Keshajiona kitini. Na alisema kwa upole, ndicho kinachoniudhi zaidi. Angekuwa na majivuno ningemchukia nikapumzika. Nilicheka, nikamwambia inshallah.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu.

Nilikwenda stoo kutafuta mpira wa rejeta. Nyuma ya matairi nikakuta makopo manane ya oili ya giaboksi, ya lita moja moja. Hayajafunguliwa hata moja. Kila kopo lina chaki, mwandiko wa mjomba: MKUNGA.

Nikakaa chini.

Gari lile halinywi oili ya kila gari. Kitabu chake kinasema, na mimi nakijua, na ndiyo maana mjomba aliiagiza makusudi. Aliyeibadilisha ni mimi. Tarehe kumi na nne Februari. Siku naikumbuka vizuri mno. Wote walikwenda kumpokea Profesa. Walifunga duka la vipuri, wakaacha hata chai mezani. Mimi nikaachwa na gari la mkunga, eti Nyundo atamalizia. Nikamwaga oili ya zamani nikiwa natukana peke yangu. Dumu lililokuwa karibu lilikuwa la ile tunayotia kwenye magari ya kizamani na kwenye usukani. Nikajaza hiyo. Nyekundu ni nyekundu, nilijisemea. Nilitaka kumaliza tu, nisije nikaonekana nimenuna kwenye sherehe.

Basi si ubovu wa gari. Si mashine. Ni wivu wangu mwenyewe umo ndani ya giaboksi ile, umejaa mpaka alama ya kijiti.

Nimeyasukuma makopo ukutani kabisa. Nimeyafunika gunia.

Jumamosi, 8 Machi

Profesa ameamua kushusha sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, na kuitoa bodi ya valvu. Anadhani kuna uchafu umeziba njia za oili. Si wazo baya. Hata mimi ningeanzia hapo, kama nisingejua ninachojua.

Nikamwona anaosha beseni. Anaosha na sabuni! Nikamuuliza la nini. Akasema oili haimwagi, anaikinga airudishe. "Dada kaiweka juzi tu, ya nini kuitilia shaka?" akamwambia mjomba. Mjomba akaafiki.

Kila kitu amekitilia shaka. Kijiti, nyaya, mashine, hata macho yake mwenyewe. Mimi hakunitilia.

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Neno moja tu lilihitajika, na lilishafika kwenye ulimi. Halafu mjomba akampigapiga begani, akamwita "fundi wangu". Mimi hajawahi kuniita hivyo. Neno likarudi lilikotoka.

Hapa hasomi mtu, basi niseme: nilitaka ashindwe. Mara moja tu. Mbele ya watu.

Jumatatu, 10 Machi

Ameshindwa.

Bodi ya valvu ilikuwa safi. Akaisafisha hivyo hivyo, akairudisha, akarudisha na ile oili. Jumamosi jioni gari lilitulia kwa robo saa wakampa mkunga aondoke nalo. Likaja kupata moto jana, njia ya mlimani, mkunga akiwa ameitwa kwa mzazi. Injini inanguruma, gari halipandi. Akaliacha kando ya barabara, akapanda kwa miguu na mkoba wake. Umri ule!

Mtoto hakumsubiri. Kapokewa na jirani. Wazima wote wawili, mama na mtoto. Nimeuliza mara tatu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka ufunguo mezani akasema, "Wanangu, mimi sina miguu mingine."

Mjomba akamgeukia Profesa. Mara ya kwanza namsikia akimkaripia. Elimu ya kwenye kioo cha mashine, alisema, haipandishi gari mlima. Profesa aliinama kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nilifurahi. Naliandika neno lenyewe lilivyo: nilifurahi. Ila chakula cha mchana nimekirudisha nyumbani kilivyo.

Jumanne, 11 Machi

Nimelitengeneza!

Profesa alinifuata asubuhi, macho yamevimba. Dada, nisaidie, wewe unalijua gari kwa mikono. Karibu wiki nne nayasubiri maneno hayo, na yalipokuja nikageuka kutafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika.

Nikamtuma mbali, akatafute gasketi ya sampu. Mjomba alikuwa kwa daktari wa macho. Nikafunua gunia. Nikamwaga oili, nikajaza ya makopo, nikaliendesha mpaka likapata moto, nikamwaga tena, nikajaza tena, kwa sababu ile mbaya nyingine hubaki ndani. Makopo manane yote. Kisha nikayafuta chaki, nikayaponda, nikayatupa jalala la mtaa wa pili. Niliangalia nyuma mara ngapi, sijui.

Hamsini, sitini, kimya. Pili, tatu, hata chai kikombeni isingemwagika. Njia ya mlimani likapanda bila kuombwa. Mjomba alirudi akakaa kiti cha abiria, akaniambia nizunguke mara mbili, anasikiliza tu, amefumba macho. Tuliposhuka akawaita watu wote. Akasema gereji sasa ina mwenyewe, na mwenyewe ni Nyundo. Wakapiga makofi.

Profesa alipiga kuliko wote. Akanikumbatia na ovaroli langu lililolowa. Akasema hana hata kinyongo, alijua tangu utotoni kwamba mimi ndiye fundi.

Hiki ndicho nilichokitaka. Nimekipata. Mbona hakina ladha?

Jumatano, 12 Machi

Saa saba mchana. Naandikia ofisini. Ofisi yangu! Mkunga anakuja saa nane kuchukua gari.

Profesa alikuja na daftari lake. Ameandika kila hatua: kiwango, rangi, harufu, nyaya, mashine, valvu. Mstari wa mwisho ameuacha wazi. "Kosa lilikuwa wapi, dada? Niambie nisije nikalirudia kwa mtu mwingine."

Nikamwambia ngoja ninawe mikono. Mikono yangu ilikuwa safi. Nikaingia huku, nikafunga mlango.

Yuko nje, kwenye benchi la wateja, ananisubiri. Anaongea na mjomba, nasikia kila kitu, ukuta wenyewe wa mbao. Anasema amefikiri tangu jana. Aliyemwachia mkunga gari bovu Jumamosi ni yeye. Aliyempandisha mlima kwa miguu ni yeye. Mtu ambaye kosa liko mbele ya macho yake na halioni hafai kushika gari la mtu, atafute kazi nyingine. Mashine mjomba aiuze. Sema kitu, mjomba! Mkatalie!

Hapana. Anamuuliza mashine itauzwa bei gani.

Saa saba na nusu. Kuna hodi getini. Ni sauti ya mkunga, kawahi. Anauliza yuko wapi aliyeliponya gari lake, kamletea ndizi. Wamemwonyesha huku. Profesa kainuka, nasikia benchi linavyolia. Anamwambia asubiri kidogo, kuna jambo lazima yeye amwambie kwanza, kabla dada hajatoka.

Nimesimama. Naandika nimesimama, mkono wa kushoto uko kwenye kitasa.

Anasema, "Mama, kosa lilikuwa langu—" Nafungua.