Shetani wa Mlango wa Nyuma

Mpwa wangu Nyangeta,

Salamu kutoka Nyasho. Wote wazima, ila mama yako anasema kwenye picha uliyotuma umekonda. Mimi nguvu ninazo. Juzi nimebeba sangara pale mwaloni wanaposhushia samaki, watu wakadhani ni ndama.

Umeuliza kama wale wafungwa wa ubakaji unaowahoji gerezani kwa kazi yako ya chuo tuwaamini wakisema waliteleza tu. Shule niliishia njiani, lakini hili nalijua.

Miaka ya uhaba, kule Nyamuswa tulikuwa tunafuliaga majani ya mpapai, na maisha yalikuwa matamu hivyo hivyo. Sabuni alikuwa nayo mwenye duka mmoja. Wegesa, jirani yetu aliyekaribia kuolewa, akaambiwa naye aifuate kwa mlango wa nyuma. Alichomoka akipiga yowe, kijiji kizima kikakimbilia dukani. Mimi nilifika wa kwanza na rungu, bati la duka likatetemeka kwa kishindo changu!

Mbele ya wazee yule bwana akalia, "Shetani alinipitia ghafla." Wazee wakalainika, wakaanza kutaja mbuzi wa kupatanisha.

Bibi yako akasimama. "Nilipokuja na wifi zangu ulisema sabuni imeisha. Leo asubuhi mkeo ukamtuma mashineni kusaga. Wegesa alipoingia, ukashusha komeo. Huyo shetani wako mbona ana mipango hivyo?"

Habari ya mbuzi ikaishia hapo. Jamaa akapelekwa polisi Bunda.

Kwa hiyo, mama, usianze kuwauliza pale walipoteleza. Waulize asubuhi yake walimtuma nani mashineni.

Mjomba wako, ambaye siku ile rungu lake halikupata kazi.