Kabla Zuberi Hajafika

Fereej Bin Mahmoud,
Doha.
20 Desemba 2018

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limekuachia angalau kidogo, maana baridi ya Mlalo sasa itakuwa imepungua. Shangazi Mwanaidi anaendeleaje na kifua chake? Na wajukuu wako, bado wanaangua mapichi ya jirani kabla hayajaiva? Mimi mwilini ni mzima, alhamdulillahi. Kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli ni ile ile, mikono tu ndiyo imekuwa migumu kama ya mtu wa kuchonga mawe.

Utashangaa kuona nimekuandikia kwa mkono. Simu yako inapita kwa watu wengi, Mama, na sauti ninazokutumia huwa unasikilizishwa dukani, kila mnunuzi wa chumvi akisikia. Haya siyo ya dukani. Nimempa Tatu, msichana wa Korogwe ninayelala naye chumba kimoja. Anakuja likizo kesho na ameniahidi kupanda mpaka Mlalo akukabidhi mwenyewe. Tafadhali isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa.

Zuberi anarudi nyumbani wiki ijayo, na harudi tena huku. Atakuambia mkataba wake umekwisha. Haujaisha. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikianza mwisho hutanielewa.

Jambo lilianza na mlima. Mwezi wa kumi hapa ilianza kutumika sheria mpya, kwamba sisi wa makampuni tunaweza kutoka nchini bila kumwomba mwajiri ruhusa. Wenzetu walishangilia kwa sababu ya misiba na harusi za kwao. Zuberi alishangilia kwa sababu ya mlima. Ijumaa iliyofuata alikuja kwetu na Fabian, tukakaa juu ya paa kwa kuwa wanaume hawaruhusiwi vyumbani, akatueleza kwamba sikukuu ya taifa ya Desemba twende Omani, kwenye Jabal Akhdar, tukalale kwenye mahema na kupanda njia ya vyuma.

Njia ya vyuma, Mama, ni hivi: kwenye ukuta wa jabali wamepigilia waya mnene na vipandio vya chuma, kuanzia bondeni mpaka juu. Unavaa mshipi wa kiunoni wenye kamba mbili fupi, kila kamba ina ndoano, na ndoano hizo unaziambatisha kwenye ule waya. Unapofika mahali waya umepigiliwa, unahamisha moja, kisha ya pili. Ukiteleza, unabaki unaning'inia. Niliposikia nilimwuliza kama kuning'inia kwenye maghorofa hakujamtosha. Akacheka, akasema:

"Dada, miaka minne nashuka kwenye vioo nikiwatazama watu wanakunywa kahawa ndani, na mimi nafuta mavi ya ndege. Nataka nipande kitu ambacho hakina mtu ndani."

Fabian unamsikia tu kwa jina. Ni Mganda wa Kasese, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno, kiongozi wa timu yao ya kusafisha vioo. Yeye na Zuberi wamekuwa wakishuka ukuta mmoja bega kwa bega, kila mtu na kamba yake. Wa nne wetu alikuwa Milcah, Mkenya, mlinzi kwenye duka kubwa, tunayeishi naye nyumba moja. Basi kila Ijumaa tukawa juu ya paa. Fabian alishughulikia viza na gari, maana kule bila gari la kuvuta magurudumu yote manne askari hawakupitishi. Milcah alipata mahema mawili ya bei ya kutupa, tukayasimamisha pale pale katikati ya madishi ya televisheni, wote wanne tukajibana ndani ya moja tukicheka kama watoto. Mimi nilikuwa wa chakula. Nilikaanga dagaa wakauke vizuri, nikanunua tende, unga, na jiko dogo la gesi. Sijawahi kumwona Zuberi na furaha kama ile tangu tufike nchi hii. Usiku mmoja alinieleza jinsi hewa ya juu ya Jabal Akhdar inavyokuwa baridi, na kwamba wanalima makomamanga kwenye matuta kama yale yetu ya karoti.

Milcah na mimi hatukuwahi kupanda chochote, na Doha yote ni tambarare kama sinia. Ndipo Zuberi akasema tufanyie mazoezi kwenye ngazi ya chuma inayopanda matangi ya maji, palepale juu ya paa. Alileta mishipi ya kazini. Alitufundisha kwa ukali: usifungue ndoano ya pili kabla ya kwanza haijashika. Ijumaa moja mwanzoni mwa Novemba nilikuwa nimeshafika juu, nimekaa kwenye tangi, yeye akinifuata ili amwonyeshe Milcah aliyekuwa chini. Fabian siku hiyo alikuwa kazini. Katikati ya ngazi Zuberi akasimama.

Nilimwita. Hakuitika. Macho yalikuwa wazi yakinitazama, lakini yeye hakuwamo. Mdomo ulikuwa unatafuna na haukuwa na kitu, na vidole vya mkono wa kulia vikawa vinachuna mkono wa shati, vinachuna, vinachuna. Milcah akapiga kelele kutoka chini, "Wewe Zuberi, wacha mchezo bana!" Kisha Zuberi akazinduka, akaniuliza kwa nini namkodolea macho. Ilibidi wanishushe wao wawili, kipandio kwa kipandio.

Jioni nilimsindikiza mpaka kituo cha basi la kurudi kambini kwao, Al Rayyan, nikamwuliza. Kwanza alikasirika. Halafu akakiri kwamba hali hiyo ilimwanza tangu Ramadhani. Mara moja alikuwa kwenye jengo refu kule Lusail, akazinduka ndoo imemtoka mkononi inaning'inia kwa uzi wake, na hajui imetoka lini. Nikamsihi aende kwa daktari. Akaniambia daktari akijua, kampuni inajua, na kampuni ikijua ni tiketi ya kurudi. Akaniapisha. Alisema tupande kwanza huo mlima, tukirudi ataenda kutibiwa. "Ukisema, umeniua," alisema, na basi likaja akapanda.

Nikanyamaza, Mama. Nilijiambia nitamzuia tutakapokaribia safari. Nilimwambia Milcah kwamba ninaogopa kile kimo, labda tulale tu kwenye mahema tusipande. Niliendelea kufunga vifurushi vya chakula, na kila asubuhi nikilikunja shuka la kwanza namwona ndugu yangu kwenye kamba.

Wiki ya mwisho ya Novemba walikuwa Lusail, ghorofa za juu kabisa. Ninayoyajua yalinifikia kwa vipande, baadaye, mengi kutoka kwa Fabian mwenyewe. Zuberi alisimama kama alivyosimama kwenye ngazi. Mashine yake ya kushukia ilijikaza yenyewe, kwa hiyo asingeanguka. Lakini mikono yake haikutulia. Ilianza kufungua ndoano za mshipi, taratibu, kama mtu anayefungua vifungo vya shati aende kulala. Fabian alimwona. Akamwita, akaona hasikii, akajisukuma ukutani kwa miguu akabembea mpaka kwake, akamkumbatia na kuibana ile mikono. Uzito wa watu wawili ukawarudisha kwa kishindo kwenye ukingo wa chuma wa jengo, na mkono wa kushoto wa Fabian ndio uliokuwa katikati.

Zuberi hakupata hata mchubuko. Fabian alivunjika kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole.

Kampuni ilipouliza, Zuberi alisema ni upepo. Nilikwenda hospitali na Milcah tukimpelekea Fabian uji, nikitegemea kwamba yeye aliyeona kwa macho amesema kweli. Kumbe naye alikuwa amesema ni upepo. Alifanya hivyo kwa ajili ya Zuberi. Sasa kampuni ikasema, kama ulikuwa upepo, kiongozi wa timu ndiye mwenye kosa, kwa nini aliwashusha watu? Kwa hiyo wakaanza kutayarisha kumrudisha Kasese kabla hata mkono haujapasuliwa mara ya pili, kama mtu aliyejivunja kwa uzembe wake. Ana mapacha ambao hawajaanza shule. Nilimwambia Zuberi aseme. Nilimwambia mara nyingi. Alikuwa ananiangalia na kuniambia kwamba Fabian mwenyewe ameridhika, mimi ninataka nini?

Zuberi atakuambia kuna mtu alimchoma kwa wakubwa. Atasema ni mtu mwenye wivu. Mtu huyo ni mimi, Mama. Nilichukua ruhusa kazini, nikaenda kwenye ofisi yao nikamwona bwana anayehusika na usalama, nikamweleza ya ngazi na ya ndoo. Akaniuliza kama naweza kuyasema hayo mbele ya Zuberi mwenyewe. Nikasema naweza. Wakamwita. Nikayasema tena yote, yeye akiwa amesimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Alipoulizwa, akasema yule mwanamke hamjui.

Walimpeleka hospitali wakampima. Ni kifafa. Si kile cha kuanguka na kutoa povu, ndiyo maana hatukukitambua, lakini ni kifafa. Daktari amempa vidonge, na amesema mtu akivinywa bila kuruka anaweza kuishi vizuri na kuzeeka. Fabian sasa anatibiwa kwa gharama ya kampuni na hafukuzwi. Nilienda kumwambia nikidhani atafurahi. Akageukia ukutani, akasema kwa Kiswahili chake, "Mkono ilikuwa yangu, Shani. Nilishatoa. Nani alikutuma urudishe?" Hajataka kuniona tena. Milcah ameyauza mahema. Sikukuu imepita juzi, fataki zilisikika mpaka huku, sisi kila mtu akiwa kitandani kwake.

Hayo ni ya huku. Lililobaki ni la kwetu, na nimelichelewesha kwa sababu ni zito kwangu kukuandikia wewe mzazi wangu.

Pale kwenye ngazi nilitambua nilichokiona. Nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage, mikono ikasimama, akaanza kutafuna kitu ambacho hakipo, vidole vinachuna shati. Wewe ulitoka jikoni mbio ukamshika mikono, ukaniagiza nikalete maji. Nilipoyaleta hukuyatumia, uliyaweka chini. Uliniambia Baba alikuwa anawaza. Na ule mwaka alipokutwa kifudifudi kwenye mfereji wa shambani, ambako maji hayafiki magotini, watu walisema alilewa. Wewe uliyelala naye miaka yote, uliyejua kwamba hakuwahi kuonja hata pombe ya dengelua, uliwaacha waseme.

Sikulaumu, wallahi. Mlevi huzikwa na watu wakasahau. Lakini nyumba yenye kifafa nani angekuja kuoa? Tulikuwa mabinti watatu na Zuberi mgongoni. Nimeozwa vizuri, dada zangu pia, na ninajua tulilindwa na nini. Ila Zuberi amekua akimwonea haya baba yake. Huku, watu wakimwuliza habari za marehemu baba, hujibu kwamba hana la kusema juu ya mlevi. Nimemsikia kwa masikio yangu, na nimenyamaza hapo pia.

Mwambie, Mama. Kwangu hatapokea kitu, simu zangu hazishiki na kambini alikataa kutoka nje nilipomfuata. Kwako atasikia. Mwambie Baba alikuwa nani, na alikufaje. Ana fikra ya kununua pikipiki abebe abiria Lushoto mjini. Kwenye kona zile, Mama, usimruhusu, hata akisusa kula. Asiteke maji mfereji ukiwa umejaa, asikae na moto peke yake. Usimpeleke kwa mtu yeyote wa kumpunga pepo. Vidonge ameviweka chini kabisa ya begi, Milcah alimwona, na nina hofu havinywi. Anywe asubuhi na jioni mbele ya macho yako, ukihakikisha amemeza.

Nisalimie Shangazi, dada zangu na watoto wote, na mama Hoza mkikutana kisimani. Kwao sema tu kwamba Shani anawasalimu, mengine yaishie kwako. Tatu umkarimu, amebeba mzigo mkubwa kuliko anavyojua.

Na Zuberi akiniapiza hapo nyumbani, usinitetee, Mama. Mwache aseme mpaka achoke. Halafu umpe maji ya kumezea vidonge.

Binti yako akupendaye,
Shani